Mwaka Tuliohamia kwa Kogo

Mashine za kuchuna majani chai zilipoanza kuletwa, tulidhani zingechukua miaka kufika upande wetu wa shamba. Zilifika kabla mahindi ya mwaka huo hayajakomaa. Mama, aliyekuwa amechuna kwa mikono tangu sijazaliwa, akaambiwa kazi imekwisha. Na asiye na kazi hana nyumba katika kambi ya wafanyakazi. Tulipewa wiki mbili tuhame. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mdogo wangu alikuwa hajaanza shule.

Nje ya ua wa shamba aliishi bibi mmoja Mkipsigis aliyetuuzia maziwa. Sisi watoto tulimwita kogo, yaani nyanya kwa lugha yake. Nilipoenda kwake na chupa nikamwambia tunahama, aliuliza, "Mnaenda wapi?"

"Sijui, kogo. Mama anasema labda kwao Kisii, lakini kule hakuna mtu aliyebaki."

Alinijazia chupa. Kesho yake asubuhi tulimwona mlangoni kwetu na punda wake.

"Iko nyumba ya kijana yangu," akamwambia mama. "Yeye iko Nakuru. Nyumba bila watu inaoza."

Mama akakataa. "Mimi si mtu wa hapa, kogo. Majirani zako watasema nini?"

"Watasema chamgei, na wewe utaitikia salamu," kogo akajibu, huku tayari anafunga godoro letu juu ya punda.

Ndivyo tulivyohama. Magoti ya kogo yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo mama akawa anamchunia chai yake, wanagawana kinachopatikana. Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, kikombe cha maziwa moto kilikuwa kwenye dirisha letu, kimefunikwa kwa sahani. Hakikukosa hata siku moja. Hata sasa, nikisikia harufu ya maziwa yaliyoshika moshi kidogo, naliona lile dirisha.

Halafu mwezi wa tatu, mvua ya mawe ikanyesha. Kwa muda mfupi tu, ile chai yote ikabaki vijiti. Mama aliketi kwenye matope akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku tuliyotoka kambini.

Kogo alimwendea polepole na fimbo yake. "Majani sio jino," alisema. "Jino ikivunjika imeisha. Majani inarudi. Simama, tupike."

Tulikula ugali na mboga wiki nyingi. Maziwa ya dirishani yaliendelea, na majani yakachipua, laini, ya kijani kibichi. Mama aliniita kuyatazama kana kwamba ni mtoto aliyezaliwa.

Tulikaa pale miaka mitano, mpaka mama alipopata kazi ya kupika katika shule moja karibu na Kapkatet.

Kogo alifariki mwaka juzi. Tulienda mazishini tukakaa nyuma, lakini yule kijana wake wa Nakuru, ambaye sasa ana mvi, akaja kumshika mama mkono na kumpeleka kwenye viti vya familia. Walipomwomba aseme neno, mama alisimama akazungumza kwa Kikipsigis, mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria.