Meno ambayo Naome hakubali kuyang'oa

Saa tatu asubuhi, soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, limejaa. Naome Musimenta anapita kati ya magunia ya maharage, mkononi ana chupa ya chai iliyojaa vipande vya barafu.

"Daktari ya barafu imefika!" anapiga kelele Tsongo, muuza chumvi. "Leo nani analia?"

"Wewe, ukinichokoza," anamjibu.

Naome, mwenye miaka 41, anatibu meno katika kliniki ndogo ya Bwera. Leo anamfuata Marlène, muuza vitenge kutoka Butembo. Miezi minane iliyopita, akisafisha jino la mwanamke huyo lililooza, Naome alifikia kiini, ile sehemu laini inayolifanya jino liwe hai. Marlène aliomba ling'olewe. Naome alikataa.

"Damu ilikoma kabla ya dakika tano," anasema. "Kiini cha namna hiyo bado kina nguvu. Unakifunika."

Dawa za kufunikia anazo mbili. Ya chokaa ni ya bei nafuu, lakini huweza kuyeyuka polepole chini ya kijazio kinachoziba tundu la jino. Nyingine, MTA, ni unga unaokorogwa na maji ukaganda kama saruji. Huziba vizuri zaidi, ila ni ghali mara kumi. Ili ajue ipi inawafaa watu wake, alianza kuandika kila jino kwenye daftari.

Mwaka wa kwanza alikosea. Wasiorudi aliwaandika "wamepona", kwa kuwa Bwera asiyeumwa haonekani kliniki. Kisha akakutana na watatu wao hapa sokoni, wanacheka, kila mmoja na pengo.

"Walikuwa wameng'olewa kwingine. Nilifuta ukurasa mzima. Niliona aibu."

Tangu hapo, siku za soko huwafuata mwenyewe. Kati ya meno 30 ya chokaa, 19 yako hai. Ya MTA ni 25 kati ya 29. La Marlène, nalo la MTA, ni la thelathini. Asiposikia baridi, kiini kimekufa na jino litatoka leo.

Ana sababu ya kung'ang'ania. Dada yake mkubwa alikufa kwa usaha wa jino uliotelemka shingoni. "Aliogopa koleo. Alikaa na maumivu wiki tatu, akituficha."

Anagusisha barafu kwenye jino la Marlène.

"Unasikia, mama?"

"Bado…" Marlène anaruka. "Aïe! Iko baridi, docta!"

Naome anaitoa upesi. "Na sasa?"

"Imeisha."

Baridi iliyokuja ikaondoka mara moja ni dalili njema. Jino liko hai.

"Mi nilikuambia utoe, ukakatala," Marlène anamsuta, akicheka mdomo wazi.

Naome anaandika 26 kati ya 30, kisha anamgeuzia ukurasa Tsongo, aliyesogea kutazama, naye auone.

Mwezi ujao atapanda Mahango, kule mlimani, na daftari lake, awafundishe wauguzi kusimamisha damu na kufunika kiini.

"Wasipopata MTA, watumie chokaa," anasema. "Mtu wa mlimani asiachiwe koleo na kaburi tu."