Ubeti wa Tatu wa Mwalimu Sekela

Usiku ule niliota mchana. Jua lilikuwa limeingia kanisani kwa madirisha ya mashariki, nami nimesimama nyuma kabisa, mahali pangu pa siku zote, mbele ya miksa, mashine ya kuchanganyia sauti. Mabenchi yalikuwa matupu. Mbele, kwenye jukwaa la kwaya, alisimama Mwalimu Sekela katika sare ile ya zambarau, akihangaika kukishusha kistendi cha maiki, maana alikuwa mfupi na kila aliyemtangulia alikiacha juu. Nilitaka kwenda kumsaidia. Ndipo nikakumbuka kwamba Mwalimu Sekela tumeshamzika, na kwamba spika za mazishi nilizifunga mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

Sikuogopa. Nilichanganyikiwa tu. Nilijiuliza, kama amekufa, mbona taa ya chaneli yake inawaka kijani? Taa ile huwaka pale tu sauti inapoingia, na yeye alikuwa hajasema neno.

Kabla sijaendelea inabidi niseme jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu, hata mke wangu, ambaye kwa kawaida huyajua mambo yangu kabla yangu.

Mwalimu Sekela aliifundisha kwaya yetu hapa Tukuyu kwa miaka mingi, na nyimbo ngumu aliziongoza yeye. Ndiye pia aliyenifikisha kwenye miksa ya kidijitali. Ile ya zamani ilipoungua, kanisa likanunua hii yenye kioo cha kugusa, na mimi nikaikimbia wiki nzima. Nilizoea kila sauti iwe na vifundo vyake vinavyoonekana. Hii imeficha kila kitu ndani, ukitaka jambo unafungua kurasa. Mwalimu alikuja na madaftari ya wanafunzi wake wa shule ya msingi, akakaa pembeni yangu, akasema, "Gwamaka, usipoielewa leo hatutoki humu." Akasahihisha madaftari yote, akaanza kuyapanga upya, na mimi nikaielewa.

Jumapili yake ya mwisho kuimba alikuwa tayari mgonjwa, ingawa sisi tulidhani ni mafua. Wimbo wenyewe una beti nne, na ubeti wa tatu unapanda mahali ambapo wengi hushindwa. Alianza vizuri. Katika ubeti wa pili nikasikia kwenye hedifoni pumzi yake inakatika. Wa tatu ulipoingia, sauti ikapasuka. Kando yake alisimama Neema, binti aliyekuwa akimnoa, naye ana maiki yake, akiimba maneno yaleyale taratibu kumsindikiza. Sikufikiri. Nilishusha feda ya Mwalimu, yaani kile kidude cha kusukuma juu na chini, nikapandisha ya Neema. Kanisa zima likamsikia Neema huku likimtazama Mwalimu. Midomo yake haikukosea hata neno moja.

Neema mwenyewe hakujua. Alisimama upande wa kinanda, na ukisimama pale husikii kitu kingine zaidi ya kinanda. Lakini Mwalimu alikuwa na spika yake ndogo miguuni, ambayo miksa huipelekea sauti tofauti na zile zinazowafikia watu, na hiyo sikuigusa. Kwa hiyo alijisikia mwenyewe akikatika, neno kwa neno.

Ibada ilipokwisha watu walimkumbatia, wengine wanalia. Akaja kwangu na mkoba wake mkononi, ameshangaa.

"Gwamaka, wanasema nimeimba. Kwani nimeimba?"

"Umeimba, Mwalimu," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaenda zake. Wiki mbili baadaye tulimzika.

Rekodi ya siku ile ilizunguka kwenye simu za mji mzima. Kila mtu ukimuuliza atakuambia habari za ubeti wa tatu. Nami niliendelea kunyamaza, nikijipa moyo kwamba nimemsitiri marehemu. Sasa kwaya imepanga kurekodi albamu Jumamosi hii, na Neema ndiye angeongoza wimbo ule. Kila akimaliza ubeti wa tatu mazoezini lazima mtu ashushe pumzi na kusema, "Si kama marehemu." Kamati yetu, ambayo ina watu tisa na masikio mawili, ikakaa na Baba Lugano, mume wa Mwalimu, wakaafikiana kwamba ubeti wa tatu nikaukate kwenye rekodi ya Jumapili ile niupachike kwenye albamu, iwe kumbukumbu yake. Neema aitikie tu pamoja na wengine.

Alhamisi jioni, baada ya mazoezi, Neema alinifuata nikiwa nakunja nyaya. Macho yalikuwa mekundu.

"Kaka Gwamaka, mimi kwaya naacha. Ile rekodi nimeisikiliza mpaka nimechoka. Siwezi kufika pale alipofika Mwalimu. Nisiwapotezee muda."

Mtoto wa watu alikuwa anashindanishwa na yeye mwenyewe, na anashindwa. Mtu haitambui sauti yake ikitoka kwenye spika, nimeliona hilo mara nyingi sana. Nikaendelea kukunja nyaya. Niliona aibu hadi miguuni. Nikaenda nyumbani, nikala bila hamu, nikalala.

Basi ndotoni nimesimama pale, taa ya kijani inawaka, na Mwalimu amemalizana na kistendi. Anainua uso.

"Gwamaka, nipe waliyosikia watu."

Ni sauti yake ya darasani, isiyopandishwa kwa sababu haijawahi kuhitaji. Nasema ndiyo, Mwalimu, mara moja. Naangalia kioo. Majina ya chaneli huwa nayaandika mimi mwenyewe, Kinanda, Gitaa, Neema, Mchungaji, na sasa yote yameandikwa Mwalimu. Nafungua ukurasa wa pili, Mwalimu. Wa tatu, Mwalimu. Nagusa moja kwa kubahatisha, inatoka mvua juu ya mabati. Nagusa nyingine, mchungaji anatangaza funguo zilizookotwa. Nagusa ya tatu, na sauti inayotoka ni yangu, inasema, "Umeimba, Mwalimu," kwa upole ule wa mtu anayedanganya. Naizima haraka. Inawaka tena.

Sijui tuliondokaje kanisani. Tuko jikoni kwake, na miksa imekaa palepale pa jiko, nyaya zinapita katikati ya sufuria. Mwalimu ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi. Wala sioni ajabu. Kinachonisumbua ni mvuke tu, nahofia utaingia kwenye mitambo, nawaza kamati itasema nini. Feda zinapanda na kushuka zenyewe, polepole, zote kwa pamoja. Zinapumua. Nazishika kwa vidole kumi nizizuie, zinanishinda nguvu.

"Waliyosikia watu," anasema tena, bila kuacha kumenya.

Nikampa sauti za ile spika ya miguuni. Jiko likajaa pumzi yake inayokatika, na yeye akatikisa kichwa.

"Hayo niliyasikia mwenyewe. Nipe ya watu."

Ndipo nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari za kadi ya kuhifadhia, habari za kurasa, kwamba miksa hii hurekodi kila maiki peke yake na kwamba kuzikusanya sauti huchukua muda. Yote ni kweli, na yote niliyasema ili nisiseme lile moja. Fundi akianza kukupa maelezo marefu, ujue kuna kitu kimeharibika. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza watoto ambao hawakufanya kazi ya nyumbani. Kisha akaweka kisu chini na kunawa mikono.

Anaposimama tuko kanisani. Jua limerudi kwenye madirisha. Sasa kuna mtu mmoja kwenye mabenchi, Baba Lugano, kwenye benchi la tatu, amevaa koti lake la Jumapili. Mwalimu anashuka jukwaani, anapita katikati, anaenda kukaa kando yake. Mzee hageuki. Anasogea tu kidogo kumpisha, bila kuangalia, jinsi ambavyo amekuwa akisogea miaka yote. Nikaona pale moyo wangu unauma kabisa, uchungu wa kweli, siyo wa ndotoni.

Sikubonyeza kitu. Ubeti wa tatu ukaanza wenyewe.

Nakiri kwamba ni mzuri. Nimeusikiliza mara nyingi nikitafuta kosa, sijalipata. Unapanda, unafika pale pagumu, unakaa juu bila kutetemeka, halafu unashuka taratibu. Mwalimu anausikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, mkono juu ya goti. Mimi nasubiri. Nimeshika ukingo wa miksa, najua sasa nitafokewa, na natamani nifokewe tuyamalize.

"Hapo ni Neema," anasema.

Hakuwa anauliza.

"Nilikuwa nakusitiri, Mwalimu," nasema, na sauti yangu inatoka kwenye spika zote, kubwa mno, ya mtoto.

"Ulinishusha vizuri. Nilikuwa nimechoka." Anainua kichwa. "Ila huyu binti umempandisha kwa jina langu. Mrudishie."

Nalia. Sioni haya kusema kwamba nililia. Namwambia nitarudisha, lakini huyu mzee aliyekaa kando yako je? Nimwambie nini? Anausubiri ubeti huu kwenye albamu. Nikimnyang'anya, nimpe kipi?

Mwalimu anamgeukia mumewe, anamtazama kwa muda mrefu. Mzee anaangalia mbele.

"Mpe ile niliyokatikia," anasema. "Ile ndiyo yangu."

Nina maswali mengi. Nataka kumuuliza kama Jumapili ile aliponitazama alikuwa ameshajua. Nataka kumuuliza kama ananikasirikia, kama huko aliko anaimba, kama ningefanya nini kingine mbele ya watu mia tatu. Nahangaika kuifungua maiki yangu ya kuzungumza na jukwaa, siioni, kurasa zinafunguka juu ya kurasa, kila moja ina jina la Mwalimu. Ninapoinua macho benchi lina mtu mmoja tu. Taa ya kijani imezimika. Feda zote zinaanguka chini kwa mkupuo mmoja, kwa ule mlio wa plastiki ninaoujua, na nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani ananitazama.

"Nani huyo unamwambia utamrudishia?"

Nikamweleza yote, ya ndotoni na ya Jumapili ile. Hakunikatiza, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. Nilipomaliza nikamwambia kinachonichanganya: sijui kama ni Mwalimu aliyekuja au ni mimi mwenyewe, hofu yangu na aibu yangu, vimevaa sare ya zambarau. Maneno yale huenda nilikuwa nayo kichwani siku zote. Na kama ni yangu tu, nina haki gani kumwamsha mzee wa watu nimvunje moyo?

"Kwani ukijua ni nani aliyesema," aliniuliza, "ndiyo utaenda kusema kitu kingine?"

Akatoka kwenda kuwasha moto. Mimi nikabaki na lile swali. Nililigeuza huku na huku, nikaona halina mlango wa nyuma. Hata sasa ninapoandika haya sina uhakika na nilichokiona. Mara nasema ni yeye, kwa sababu mimi nisingeweza kufikiria kumpa Baba Lugano sauti iliyopasuka. Miezi mitatu nimekuwa nikiificha kama kitu cha aibu. Mara nasema la, ni usingizi mbaya na chakula cha jioni.

Nilichukua kadi iliyohifadhi sauti za Jumapili ile, nikaichomeka kwenye kompyuta, nikavaa hedifoni, nikafungua chaneli ya Mwalimu peke yake. Tangu azikwe sikuwahi kuthubutu. Yuko pale. Katika ubeti wa tatu sauti inapasuka, inapotea, halafu inasikika pumzi, na baada ya pumzi anaanza tena chini kabisa, karibu na kunong'ona, na anaufikisha ubeti mwisho. Hakuacha. Nilikuwa nimemshusha, sikusikia kwamba hakuacha.

Nikavua hedifoni, nikapiga simu kabla ujasiri haujaisha. Iliita mara mbili.

"Haloo."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi hivi? Kwema?"

Nilitaka kusema kwema. Lakini nyuma ya sauti yake nilisikia kinanda, kisha ubeti wa tatu, unapanda.

"Nasubiri chai hapa na Mama Lugano," akasema, na nikasikia kwamba anatabasamu. "Huwa ananiimbia asubuhi."

"Baba," nikasema, "naomba uizime kidogo."

Akaizima.

"Haya, sema, mwanangu."

"Huyo anayekuimbia ni Neema, Baba. Mama Lugano ninaye mimi hapa. Namleta."