Matuta ya Nyuma ya Mama Zaina

Siku ya kwanza kuripoti kazini Lushoto nilivaa viatu vya kisigino. Mkuu wa idara ya kilimo alivitazama, akacheka mpaka akavua miwani. "Hivyo viweke vya harusi, binti. Kesho unapanda mlimani, Magamba." Nilipanda, wenzangu, na sikushuka mpaka nilipostaafu.

Nyie vijana mnaoanza leo mna vifaa. Sisi tulipima njaa ya mmea kwa macho, na macho yanadanganya mawingu yakitanda. Kipima-kijani kilikuja mimi tayari nina mvi. Ni kidude cha kushika mkononi: unabana jani, kinapitisha mwanga, kinatoa namba. Namba ikishuka, mara nyingi mmea una njaa ya naitrojeni. Usibane kwenye mshipa wa kati, wala jani lenye umande, futa kwanza. Mkuu wa wakati huo alinikabidhi akasema, "Kiamini hiki kuliko watu." Mh!

Kazi ile ilikuwa na upweke, nisifiche. Mimi mtu wa Tanga mjini. Nikifika shambani wanawake waliacha Kishambaa chao, wakanigeukia kwa Kiswahili cha heshima, nikabaki kama picha ukutani. Jioni niliongea na redio.

Mama Zaina, mjane wa Magamba, alipanda viazi shamba zima. Msimu ule hakuwa na kingine cha kulisha wanawe. Kila nikija alinipeleka kwenye matuta ya karibu na njia. Nabana majani, namba nzuri, naondoka nimeridhika. Siku moja mvua ilibomoa njia, nikapitia kwa nyuma. Lahaula! Matuta ya bondeni yote yalikuwa manjano.

"Mama Zaina, mbona huku hukunionyesha?"

"Nimwonyeshe mgeni aibu yangu?"

"Mgeni! Miaka yote hii?" Nilimfokea huku machozi yananitoka. Iliniuma kweli.

Alinitazama, akanishika mkono, tukashuka. Tulipima tuta moja moja, namba ziko chini kabisa, tukatia mbolea siku ileile, mimea ikiwa bado haijaanza kuweka viazi. Ilipona. Tangu hapo akawa ananisalimia kwa Kishambaa, na nikikosea kujibu ananicheka mbele za watu. Sijawahi kufurahia kuchekwa kiasi kile.

Sasa nimestaafu, naishi Mombo, huku chini ya milima, peke yangu. Kipima nilikirudisha ofisini. Majirani wakiniuliza habari najibu nzuri, nafunga mlango, na siku inapita sijasikia sauti ya mtu ndani. Juzi Mama Zaina akapiga simu.

"Hujambo, mwenzangu?"

"Sijambo kabisa. Huku mambo safi."



"Mwongo wewe," akasema. "Kesho nashuka na gari la kwanza. Usipike, nitapika mimi."