Dada Aliyebaki Mstari wa Mbele

Dada yangu alipoteza sauti kwenye chumba cha upasuaji. Rovu lilikuwa limevimba shingoni na kumkaba mpaka kumeza ugali ikawa kazi, na daktari alituonya mapema kwamba mishipa ya sauti iko jirani mno na mahali atakapokata. Alitoka salama, kidonda kikapona, akarudi kijijini kwetu Isansa, Mbozi, kwenye kahawa yake. Alichobaki nacho ni mnong'ono, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya yetu tangu tukiwa wasichana.

Miezi ya mwanzo ilikuwa vichekesho, kwa mwenye moyo wa kucheka. Mtu akinong'onezewa, naye hunong'ona. Nilimsindikiza mjini Mlowo kununua sufuria, akauliza bei kwa sauti yake hiyo, na muuzaji, pande la mtu, akainama akamjibu kwa mnong'ono huku akiangaza kushoto na kulia kana kwamba wanauziana magendo. Dereva wa bodaboda naye akatunong'oneza tunaelekea wapi. Mimi mwenyewe nikajikuta nanong'ona, na naishi Tunduma, ambako usipopaza sauti malori yanakumeza. Dada alicheka mpaka akashika ubavu. Hata kicheko chake hakikuwa na sauti, ni mabega tu yaliyocheza.

Mimi sikuwa na kicheko. Ni mtu wa roho juu, ndivyo nilivyozaliwa. Nauza vitenge karibu na mpaka. Wateja wakiwa wengi nahofia mzigo utaisha, wakiwa wachache nahofia wameisha wao. Nikiwa Tunduma natamani baridi ya kwetu Mbozi, nikifika Mbozi kuimba Jumapili nailalamikia baridi hiyohiyo. Sala zangu zilikuwa za kumkumbusha Mungu mambo niliyohisi ameyasahau, na tangu dada apasuliwe nilikuwa na moja tu: amrudishie sauti. Nilifunga, nikaomba, nikanuna.

Dada hakuacha kwaya. Hilo ndilo lililoniuma, na ndilo ninalolistaajabia hadi leo. Aliendelea kuvaa sare na kusimama palepale pake, mstari wa mbele, mwisho kulia, akifungua mdomo kwa kila neno bila kutoka kitu. Wageni walidhani anaimba. Sisi tuliojua tulitazama chini. Nilimwambia apumzike, akakae na kina mama wengine kwenye benchi, hakuna atakayemlaumu. Akatikisa kichwa na kuendelea kumenya viazi.

Kisha sikukuu ya mavuno ikakaribia, na mwalimu wa kwaya akanipigia simu. Alitaka niimbe ubeti wa dada, ule wa kuanzisha wimbo wa kupeleka sadaka, kwa kuwa sauti zetu zinafanana. Miaka yote nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake nikinung'unika kimoyomoyo kwamba mimi pia naweza. Sasa nafasi ilikuwa imekuja yenyewe, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliogopa kukosea, na niliogopa zaidi kupatia mbele yake.

Nilikwenda Isansa mapema ili tufanye mazoezi. Nilimkuta uani anageuza kahawa kwenye kichanja cha kuanikia, akichambua punje mbovu kwa vidole. Nikasimama upande wa pili nikachambua naye. Nikamuuliza lile lililonikaa rohoni muda wote, kama hana kinyongo na Mungu.

Alisogea ili nimsikie. "Nilikuwa nacho," alisema. "Nikamwambia yote, kwa sauti hiihii."

"Akakujibuje?"

"Sauti hakunirudishia, unaona mwenyewe." Akatupa punje moja chini. "Lakini ninyi wote, hata wanangu, nikisema mnaniambia nirudie. Yeye hajawahi kuniambia nirudie."

Akaendelea na kahawa yake. Hakuwa ananihubiria, alikuwa amejibu swali. Niliitazama mikono yake ikienda taratibu, bila pupa, nikaona kwamba mwanamke huyu hajifanyi kutulia. Ametulia kweli. Nilijivunia kuwa mdogo wake kiasi kwamba machozi yalinitoka, akanisukuma pembeni kwa kiwiko nisije nikamlowanishia kahawa.

Siku ya mavuno kanisa lilijaa ndizi, mahindi, madebe ya kahawa na kuku waliofungwa miguu. Tukasimama kuimba. Mwalimu akanipa ishara, nami kwa woga nikaanza juu, juu kupita kiasi. Nililijua kosa kabla neno la pili halijaisha. Nyuma yangu kwaya ilikuwa imetoa macho, maana kibwagizo kikifika hakuna ambaye angekifikia. Nikanyamaza katikati ya mstari. Kuku mmoja akalia, na watu wa benchi za nyuma wakacheka.

Dada akatoka mahali pake. Alitembea mbele ya watu wote bila haraka, akaweka kiganja mgongoni mwangu na mdomo sikioni. Kanisa zima lilikuwa kama limeinama limsikilize.

"Shusha, mdogo wangu," alisema. "Hatuna haraka."

Nilisubiri arudi mahali pake, lakini alibaki palepale, na kupitia kiganja kile nikahisi anavuta pumzi ndefu, ileile aliyokuwa akivuta zamani kabla ya kuanzisha wimbo. Nikavuta pamoja naye. Mabega yangu, ambayo nadhani yalikuwa masikioni tangu nilipopokea ile simu, yakashuka. Nikaanza upya, chini.

Sauti iliyotoka ilikuwa yake. Niliitambua, na walioizoea waliitambua, maana bibi mmoja aliyekaa mbele alifumba macho na kuanza kuyumba polepole. Kibwagizo kilipofika kwaya ikaingia yote, watu wakasimama na madebe yao na kuku wao, nami nikageuka kumtazama dada. Alikuwa anaimba kila neno, kichwa juu, mdomo wazi, hasikiki, uso unang'aa kwa furaha. Sikutazama chini. Nilimtazama mpaka kibwagizo kikaisha, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe sikuwa na la kumwombea.