Fremu Yake, Barua Zangu

Biashara zilipofunguliwa na kila mtu Kariakoo akawa na chake cha kuuza, mimi niliuza barua pepe. Mbia wangu alitoa fremu ya duka Mtaa wa Msimbazi na kompyuta; mimi niliweka Unix, mfumo wa kuiendesha kompyuta, na programu ya kupokea barua. Usiogope maneno hayo. Ni programu isiyo na madirisha wala picha: unaiwasha, inakaa kimya, inasikiliza mlangoni. Barua ikibisha hodi, inaipokea na kuiweka kwenye kisanduku cha mwenyewe. Wauza vitenge walikuja kuuliza majibu ya Dubai, nami niliwachapishia.

Biashara ilipochanganya, asubuhi moja nilikuta kufuli jipya.

"Fremu yangu, mashine yangu, wateja wangu," mbia alinambia mbele ya watu. "Wewe bibie ulikuwa kibarua tu. Kauze maandazi."

Watu walicheka. Mimi niliondoka.

Kariakoo mwenye fremu ndiye mwenye biashara. Muuzaji akihama, wateja huja palepale. Kwa vitenge ni kweli. Lakini barua pepe haifuati fremu, inafuata jina la anwani, na anayeliandikisha jina ndiye anayesema liende kwenye mashine gani. Jina letu nililiandikisha mimi. Nikaenda kwa kampuni iliyotuuzia intaneti, nikaomba lielekezwe kwenye kompyuta kuukuu niliyoiweka Buguruni, kwa shangazi yangu mwenye simu ya mezani, maana intaneti ilipita kwenye waya wa simu.

Programu ya mbia iliendelea kusikiliza, hakuna aliyebisha. Nilikuwa nasimama ng'ambo ya barabara na soda yangu, namtazama anavyoipiga kompyuta makofi. Soda haijawahi kuwa tamu vile.

Wateja walipojua barua zao ziliko, wakahamia Buguruni. Mwishowe mbia akaja mwenyewe.

"Dada yangu, mzigo wangu umekwama bandarini. Hati zimetumwa kwa barua pepe. Nakuomba."

"Zipo. Kaa."

Niliwahudumia waliomtangulia, kisha waliomfuata. Halafu nikamweleza yote, taratibu, kama ninavyokueleza wewe.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Hapana, turudie."

Nikarudia. Kisha nikamwonyesha watu waliojaa chumbani. "Haya, wateja ni wa nani?"

"Wako."

"Yule wa mlangoni hajasikia."

"Wako, bibie! Wako!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Ndipo nikamchapishia hati zake, kwa printa ya sindano, ile inayogonga herufi moja moja, mstari baada ya mstari, wala sikuiharakisha.