Ziwa la Aliye Karibu

Kwenye uwanja wa kuponda kokoto, watoto wote walilazwa chini ya turubai moja. Sheria ilikuwa moja, wala hakuna aliyeitunga: mtoto akilia, mama aliye karibu anaweka nyundo chini na kumpa ziwa. Wa nani? Hilo halikuulizwa.

"Mbuzi akizaa asubuhi, jioni mwanawe anaruka," alizoea kusema bibi muuza chai. "Wa kwetu mwaka mzima bado anabebwa. Mama mmoja atamweza wapi?"

Ndivyo alivyopona mtoto wa mponda kokoto mmoja, Njiti. Homa ilikuwa imemkausha mama maziwa, mtoto akanenepa kwa maziwa ya watu.

Kisha bosi akaona nyundo zinalala. Akamteua wifi wa Njiti, dada wa mumewe, awe msimamizi, akampa na kiti. Kiti, jamani! Tangu siku hiyo kila mama na wake, tena kwa ruhusa. Atakayenyanyuka ovyo, kesho asije.

Mtoto wa Njiti akilia, wanawake walikitazama kiti kwanza. Uji akawa anautapika. Shingo ikalegea kama ya kifaranga aliyenyeshewa.

"Wifi, hii si damu ya kaka yako?" Njiti akauliza.

"Damu yetu, ziwa lako. Wenzako maziwa wanayatoa wapi? Kanywe supu."

"Supu ya mawe?"

Wanawake wakacheka, kisha kila mmoja akainamia nyundo yake kwa aibu.

Siku moja mtoto akaacha kulia. Kinywa kilifunguka, sauti haikutoka. Kilio ndicho kilichokuwa kikiwainua wale wanawake; sasa kitatoka wapi?

Njiti akaketi juu ya kokoto, mtoto mapajani, akalia yeye. Si kilio cha msibani. Alilia kama kichanga, nyaa, nyaa, mwanamke mzima, kamasi zinamtiririka.

"Amerukwa na akili," wifi akasema. "Pigeni kazi!"

Lakini ziwa halina msimamizi. Mama aliyeketi jirani na Njiti akaona gauni lake limelowa kifuani, maziwa yanashuka bila kuombwa. Akaitupa nyundo.

"Kesho usije!"

"Siji!"

Akamtia mtoto ziwa mdomoni. Maziwa yakamwagika shavuni. Njiti akaushika ule mdomo kwa vidole vyenye vumbi, akaufunga, akaufungua, akaufunga.

"Meza, baba. Meza, nakuomba."

Koo likacheza, mara moja. Wakangoja mara ya pili, na nyundo uwanja mzima zilikuwa zimenyamaza.