Nilizipanga Upya Chaguo za Binti Yangu Alipokwenda Kufua

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana huku Wabongo tunatambuana hata kwa koti la baridi.

Ndugu wafuasi, kwa huzuni kubwa natangaza kifo cha printa yangu, kilichotokea Jumamosi nyumbani, Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, ikiwa kazini. Ilitoa ukurasa mmoja, ikakohoa, ikanyamaza. Imeniacha mgane kwa mara ya pili.

Nina miaka 54. Napanga maboksi ghalani, ila wengi wananijua kama Mzee wa Fomu. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiswidi nimejifunzia kwenye barua za serikali. Watanzania, Warundi, Wakongo, wote huniletea karatasi zao niwajazie. Sijawahi kumharibia mtu. Isipokuwa mmoja, na huyo ndiye ninayekula naye.

Binti yangu alitaka udaktari tangu akiwa mdogo. Marehemu mama yake alimnunulia bango la mifupa ya binadamu, lipo mpaka leo jikoni, mbele ya kiti changu. Hapa Sweden mtu huingia udaktari moja kwa moja akitoka sekondari. Unaomba kwa kompyuta, unapanga chaguo zako kwa namba. Udaktari wa Stockholm alama zake zisingefika. Akaweka namba moja udaktari Umeå, kaskazini huko, namba mbili biomedisini, sayansi ya tiba isiyomfanya mtu daktari, hapa hapa Stockholm.

"Umeå mbali, mwanangu," nikamwambia.

"Baba, kuna treni."

"Hata mwezini kuna usafiri."

Akacheka, akachukua kapu la nguo akashuka chini. Zamu yetu ya chumba cha kufulia ilikuwa inaisha, na wenye jengo hili wanaweza kukusamehe yote ila si kuchelewa kutoa nguo. Kompyuta akaiacha wazi mezani.

Kulikuwa na jamaa wa kanisani aliyesoma Marekani, alikuwa ameniambia daktari wa kweli huanza na digrii ya sayansi, ndipo anaingia udaktari. Nilijua huku si hivyo. Lakini maneno yake yalinifaa, nikayashika. Nikaipandisha biomedisini namba moja, nikaishusha Umeå namba mbili. Nikahifadhi. Niliona ni kama kupeleka posa nyumba mbili: zote zikikubali, utachagua. Na katika kuchagua, labda angenihurumia.

Mimi, Mzee wa Fomu, sikusoma mstari wa chini: ukipata chaguo ya juu, zote zilizo chini yake zinafutwa.

Julai akafungua majibu kwenye simu, akakaa nayo muda. Kisha akasema, "Nimepata Stockholm, baba." Nikapika pilau. Baadaye nikatafuta alama za mwisho za kuingia Umeå mwaka ule. Za kwake zilizidi.

Huu mwaka wa pili anasoma biomedisini. Mtasema aombe tena. Nimemwambia kila msimu wa maombi. Ananijibu kwa Kiswidi, "Det är lugnt, pappa," yaani hakuna neno, halafu anaosha vyombo taratibu mno. Huwa sitazami bango. Fuvu lile halina macho lakini linajua nilikaa kiti gani siku ile.

Sasa, printa. Jumamosi jirani yangu Mama Divine, Mrundi, alikuja na simu yenye majibu ya binti yake ya kujiunga na chuo muhula wa Januari.

"Mzee wa Fomu, unitolee hii karatasi, unisomee. Huyu mtoto ananiambia tu 'nimepata, nimepata', sijui amepata nini!"

Miaka yote hii watu huniletea fomu za kujaza. Majibu watoto wao hujisomea wenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuushika ukurasa ule. Nikamsomea, akapiga vigelegele, akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama na printa iliyokufa.

Maombi yanafunguliwa tena mwezi wa tatu. Nataka safari hii nimbebee mwenyewe sanduku hadi kwenye treni ya Umeå, lakini kwanza lazima niseme nilichofanya. Wenye watoto, wenye busara, nishaurini: naanzia wapi?

Maana ukurasa ule unaorodhesha chaguo zote kwa namba zake, na kando ya zilizo chini pameandikwa "imefutwa". Kila mwombaji hupewa. Wangu alipewa wake Julai ile.